Si Nyota, Bali Mikono ya Baba

 

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya maneno ambayo husemwa sana katika nyumba zetu, hasa nyumba zenye machozi. Mtoto akifa, majirani humwambia mama yake, "Nyamaza, ni mapenzi ya Mungu." Msichana akiachwa na mchumba wake siku chache kabla ya arusi, shangazi yake husema, "Basi, hukuandikiwa huyo." Kijana akienda mjini na kupotelea katika ulevi, wazee hutikisa vichwa na kusema, "Hiyo ndiyo nyota yake."

Maneno hayo husemwa kwa nia njema. Lakini yule anayeambiwa mara nyingi hubaki na swali ambalo aogopa kumwuliza hata mchungaji wake. Swali lenyewe ni hili: Mungu huyu ambaye mapenzi yake yamenivunja moyo, je, anipenda kweli?

Hebu kwanza tuiangalie lugha yetu. Katika Kiswahili neno hili mapenzi lina kazi mbili. Katika Sala ya Bwana twaomba mapenzi ya Mungu yatimizwe hapa duniani, yaani yale ayatakayo. Na kijana na msichana wakipendana, twasema pia kwamba wana mapenzi. Yote mawili yatoka katika kupenda. Twasema, "Mungu akipenda, tutaonana kesho," tena twasema, "Mungu ampenda mwanadamu." Neno ni lile lile. Lakini mioyoni mwetu tumeligawanya. Upande mmoja tumemweka Mungu atakaye, upande wa pili Mungu apendaye, kana kwamba ni Miungu wawili wasiojuana.

Jambo hili limewasumbua watu wengi, wala si wahubiri peke yao. Waandishi wa vitabu na wachoraji wa picha nao wamelihangaikia. Bwana Yesu mwenyewe alifundisha kwa hadithi, basi si vibaya tukitazama hadithi na picha ili tuone zinatujibu nini.

Jibu la kwanza ni nyota. Mwingereza William Shakespeare aliandika mchezo wa Romeo na Juliet, uliochapwa mara ya kwanza mwaka 1597. Vijana hao wawili wa mji wa Verona, katika Italia, wapendana, lakini jamaa zao ni maadui wa siku nyingi. Mwanzoni kabisa, kabla hatujamwona Romeo wala Juliet, mtangazaji wa mchezo atuambia kwamba wawili hao watakufa, na ya kwamba nyota zao zilikuwa mbaya. Basi wengi wamesoma mchezo huo wakasema: tazama, walikuwa wameandikiwa kufa.

Lakini someni vizuri, ndugu zangu. Ni nani aliyeleta msiba ule? Jamaa hizo mbili zilichukiana hata watumishi wao wakapigana barabarani. Vijana walioana kwa siri, kwa sababu hawakuthubutu kusema nyumbani. Baba yake Juliet alimlazimisha binti yake aolewe na mtu mwingine, tena kwa haraka. Padri aliyetaka kuwasaidia alimpa Juliet dawa ya kumlaza usingizi kama wa maiti, akamtuma mwenzake ampelekee Romeo barua ya kumweleza. Barua haikufika, maana mjumbe alifungiwa katika nyumba iliyodhaniwa kuwa na tauni. Romeo akaamini kwamba mkewe amekufa, akanywa sumu. Juliet akaamka, akamwona, akajiua kwa kisu. Baba zao wakapatana juu ya maiti za watoto wao.

Nyota hazikumlazimisha mzazi ye yote kuchukia. Na huku kwetu Kenya, kijana na binti wakikataliwa kuoana kwa sababu yeye ni wa kabila hili na mwenzake ni wa kabila lile, tusiseme hawakuandikiwa. Tuseme kweli: tumewakataza sisi. Kumsingizia Mungu makosa yetu ni dhambi juu ya dhambi.

Jibu la pili ni sisi wenyewe. Shakespeare huyo huyo aliandika mchezo wa Juliasi Kaizari, ambao Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania aliutafsiri kwa Kiswahili, ukachapwa mwaka 1963. Humo Kasio amwambia Bruto kwamba watu wakiwa chini ya wengine kosa si la nyota zao, ni lao wenyewe. Wengi hulipenda jibu hili, kwa kuwa lamwinua mtu na kumwambia aamke, ashike jembe, asingoje bahati.

Jibu hilo lina kweli ndani yake, lakini tukumbuke aliyelisema na sababu yake. Kasio alikuwa akimvuta Bruto katika shauri la kumwua Kaizari. Mwisho wake wote wawili walishindwa vitani na kujiua. Kumwambia mtu kwamba yote yako mikononi mwake ni habari njema maadamu mikono yake ina nguvu. Lakini yule aliyekwisha kuanguka utamwambia nini? Mlevi aliyejaribu kuacha mara kumi akashindwa, mama aliyewalea watoto wake katika kumcha Bwana na mmoja akapotea, je, tuwaambie kosa ni lao na kwenda zetu? Nyota ni kali, lakini mtu akiachwa peke yake na makosa yake, ukali huo wazidi.

Basi tutazame jibu la tatu, na hili twaliona katika picha.

Palikuwa na mchoraji Mholanzi jina lake Rembrandt, aliyezaliwa Leiden mwaka 1606. Alipokuwa kijana alipata sifa na fedha katika mji wa Amsterdam. Mwaka 1634 alimwoa Saskia, na katika siku zile za furaha alichora picha ambayo yeye ndiye mwana mpotevu katika nyumba ya ulevi, ameinua bilauri ya pombe, na Saskia ameketi magotini pake. Picha hiyo iko Dresden, katika Ujerumani. Mwana mpotevu bado anacheka. Fedha bado hazijamwishia.

Baadaye mambo yaligeuka. Watoto watatu wa kwanza walikufa wakiwa wachanga. Wa nne, Titus, aliishi, lakini mwaka 1642 Saskia akafa. Rembrandt akaja kuishi na mwanamke aitwaye Hendrickje pasipo ndoa, na mwaka 1654 baraza la kanisa likamwita mwanamke yule na kumzuia asishiriki Meza ya Bwana. Mwaka 1656 Rembrandt alifilisika. Vitu vyake vikauzwa mnadani, na nyumba yake kubwa ikauzwa pia. Mwaka 1663 Hendrickje akafa. Mwaka 1668 Titus naye akafa, miezi michache tu baada ya arusi yake. Rembrandt mwenyewe alikufa mwaka 1669, akazikwa katika kaburi lisilo na jina.

Mtu angeweza kusema, "Huyu aliandikiwa mabaya." Mwingine angesema, "Alijiletea mwenyewe." Lakini katika miaka ya mwisho ya maisha yake mzee huyu alirudi kwenye ile hadithi ya Luka mlango wa 15, akamchora tena mwana mpotevu. Safari hii hakuchora nyumba ya ulevi. Alichora kurudi nyumbani.

Picha hiyo ni kubwa, inazidi mita mbili na nusu kwenda juu, nayo iko katika jumba la Hermitage, mji wa Saint Petersburg, katika Urusi. Mwana amepiga magoti, ametupa mgongo. Uso wake hatuuoni vizuri. Kichwa kimenyolewa, nguo zimechakaa. Kiatu kimoja kimemvuka, na unyayo wake twauona umechafuka kwa safari. Kile kingine kimepasuka. Baba ni mzee, macho yake ni kama ya mtu asiyeona vizuri. Ameinama, ameweka mikono yake miwili juu ya mabega ya mwanawe. Mwangaza wote wa picha waanguka hapo. Kando yao amesimama mtu mrefu aliyevaa joho jekundu kama la baba, ameshika fimbo, anatazama tu. Wengi husema huyo ndiye ndugu mkubwa.

Angalieni sana, ndugu zangu. Baba hakuirudisha ile mali iliyotapanywa. Wala Rembrandt hakurudishiwa nyumba yake, wala Titus hakufufuka. Upendo wa Mungu haufuti yaliyopita kama mwalimu afutavyo ubao. Mwana ana nguo chakavu bado, na makovu ya miguu atakuwa nayo hata kesho. Lakini mwisho wake umebadilika. Alikuwa akielekea mautini, na sasa yumo mikononi mwa baba. Tena tukumbuke kwamba katika hadithi ya Bwana Yesu baba hakungoja ndani. Alimwona mwanawe angali mbali, akamhurumia, akapiga mbio kumlaki.

Na yule ndugu mkubwa? Alikaa nyumbani miaka yote, lakini moyoni alimwona baba yake kama bwana wa kazi anayetoa amri. Alijua baba ataka nini. Kwamba baba ampenda hakujua. Ndivyo tulivyo wengi tunaosema, "Ni mapenzi ya Mungu," huku tumekunja uso.

Kanisa letu la Anglikana halikulikwepa jambo hili. Katika vile Vifungu 39 vya Dini, vilivyothibitishwa mwaka 1571, Kifungu cha 17 chanena juu ya kuchaguliwa na Mungu tangu kabla ya ulimwengu kuumbwa. Chasema kwamba neno hili ni faraja tamu kwa wale waonao Roho wa Kristo akitenda kazi ndani yao. Lakini kwa mtu wa kudadisi tu, asiye na Roho huyo, ni hatari kuliweka mbele ya macho yake daima, maana laweza kumtupa katika kukata tamaa au katika maisha ya uovu. Wazee wale walikuwa na hekima. Ukianza kwa kutafuta jina lako katika kitabu cha siri, utapotea. Anza kwa Kristo, ambaye ndani yake mapenzi ya Mungu yameonekana wazi. Pale msalabani ndipo Mungu atakaye na Mungu apendaye waonekanapo kuwa mmoja.

Basi tufanye nini? Kwanza, tukienda penye msiba, tusikimbilie kusema ni mapenzi ya Mungu. Tukae na mwenye msiba, tulie naye, kama Bwana Yesu alivyolia kaburini kwa Lazaro. Pili, tuache kumpachika Mungu chuki na haraka zetu. Ukimkataa mkwe kwa sababu ya kabila, litaje jambo hilo kwa jina lake na kutubu. Tatu, wewe uliyeambiwa kwamba nyota yako ni mbaya, au kwamba umejiharibia mwenyewe na yamekwisha, ondoka uende kwa Baba yako kama ulivyo, na viatu vyako vilivyopasuka. Mtume Paulo awaandikia Warumi katika mlango wa 8 kwamba hakuna kitu cho chote, hata kifo, kiwezacho kututenga na upendo wa Mungu ulio katika Kristo Yesu. Huo ndio mwisho uliowekwa mbele yetu.

Na tuombe. Ee Baba, wewe watuona tungali mbali. Uwafariji leo wanaodhani kwamba mapenzi yako ni adui yao. Uwarudishe waliopotea, uilainishe mioyo yetu tuliokaa nyumbani, utufundishe kuyaombea mapenzi yako yatimizwe pasipo hofu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.