Ukijeruhiwa na gari la nchi jirani: nani atalipa, na lini usitie saini

Msafiri anayetoka Kirehe akivuka daraja la Rusumo huona gari lake likihama upande wa barabara. Rwanda tunaendesha kulia, Tanzania wanaendesha kushoto, na madereva wa malori wamekwisha kulizoea jambo hilo kiasi kwamba hawalitazami tena. Kuna kitu kingine kinachobadilika papo hapo, ila hakina kibao wala mstari wa rangi: sheria itakayoamua fidia yako iwapo utajeruhiwa.

Wasikilizaji wengi wanaotumia lugha ya Kiswahili nchini mwetu ni watu wa safari. Wako wanaofuata bidhaa Kahama na Dar es Salaam, wako wanaokwenda Kampala na Nairobi, wako madereva na mataniboi wa malori. Ajali inapotokea, familia nyingi huuliza swali moja tu: dereva amekamatwa? Swali hilo lina maana yake, lakini anayelipa hospitali na siku zilizopotea mara nyingi si dereva. Ni kampuni ya bima ya gari lililosababisha ajali, kampuni ambayo majeruhi hajawahi kuisikia wala kuilipa hata senti moja.

Kanuni ya kwanza ni kwamba mahali ajali ilipotokea ndipo penye sheria. Haijalishi majeruhi ana pasipoti ya wapi. Rwanda, Tanzania, Uganda, Kenya na Burundi zote zinamlazimisha mwenye gari kuwa na bima ya kuwalipa watu wengine atakaowadhuru, ile ambayo Watanzania huiita bima ya mtu wa tatu. Ila kila nchi imeweka viwango vyake, taratibu zake na ofisi zake.

Kanuni ya pili huchanganya watu, nayo inahusu kadi ya njano ya COMESA. Itifaki yake ilitiwa saini mwaka 1986 na mpango wenyewe ukaanza kazi mwaka 1987. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki katika mpango huu, na ndiyo maana lori la Dar es Salaam linaweza kufika Kigali bila kununua bima mpya mpakani. Kadi hiyo hutolewa na kampuni ya bima ya nchi gari lilikotoka, na katika kila nchi mwanachama kuna ofisi ya kitaifa inayoshughulikia madai yake.

Jambo la kukumbuka ni hili: kadi hufuata gari, haimfuati mtu.

Tuchukue mfano wa mwendesha pikipiki aliyegongwa Kayonza na lori lenye namba za Tanzania. Mtu huyu hana haja ya kupanda basi kwenda kutafuta kampuni ya bima Dar es Salaam. Madai yake huyapeleka kwa ofisi ya kitaifa ya kadi ya njano hapa Rwanda. Ofisi hiyo huyashughulikia kama vile lori lingekuwa na bima ya hapa, hulipa kwa viwango vya sheria ya Rwanda, kisha yenyewe hudai fedha zake kutoka upande wa Tanzania. Atakachohitaji ni nakala au picha ya kadi hiyo, ikionyesha namba yake, namba ya gari na kampuni iliyoitoa. Lori likishaondoka na kuvuka Rusumo, kuipata picha hiyo ni kazi ya wiki nyingi.

Sasa tugeuze mfano. Mfanyabiashara wa Nyamirambo amepanda basi la Tanzania, basi limepinduka kabla ya kufika Kahama, naye amevunjika mguu. Hapa kadi ya njano haina kazi yoyote, maana gari liko nchini kwake. Atakabiliana moja kwa moja na kampuni ya bima ya Tanzania, chini ya sheria ya Tanzania. Lau basi lingekuwa la Rwanda, kadi ingetumika, na ofisi ya kuiendea ingekuwa ya kadi hiyo nchini Tanzania, ambako jukumu hilo liko kwa Shirika la Bima la Taifa, NIC. Kadi hiyo hugharimia pia matibabu ya dereva na abiria wa gari geni lenyewe, jambo ambalo abiria wengi hawalijui na wenye mabasi hawana haraka ya kuwaambia.

Saa za mwanzo

Tanzania, majeruhi wa ajali hupewa na polisi fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza. Kenya kuna fomu ya P3. Fomu hizi ndizo uti wa mgongo wa madai yote yatakayofuata, kwa sababu zinaunganisha jeraha lako na ajali ile, siku ile. Ukitibiwa kimya kimya katika zahanati ya mtaani na kurudi Kigali, baada ya miezi miwili hutakuwa na jibu kwa afisa wa bima atakayeuliza kama mguu huo haukuvunjika mahali pengine. Pamoja na fomu, chukua namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni, ambayo Tanzania huitwa RB, na jina la kituo. Kama una simu inayopiga picha, piga picha namba za gari. Ukiwa na namba hizo, unaweza kuhakiki bima ya gari la Tanzania kupitia mfumo wa TIRA-MIS wa mamlaka ya usimamizi wa bima ya nchi hiyo.

Huo pia ndio wakati ambapo dereva au tajiri wake husema, "Ndugu yangu, tumalizane hapa hapa." Si kila anayesema hivyo ana nia mbaya, pengine anaogopa kufungiwa leseni au gari kuzuiwa. Lakini fedha za barabarani huja na sharti la kutokwenda polisi, na bila polisi hakuna fomu, na bila fomu hakuna bima. Maumivu ya shingo na mgongo hujitokeza siku ya tatu au ya nne, fedha zile zikiwa zimekwisha.

Wako pia watu wanaofika wodini kabla ya ndugu, wakijitambulisha kama wanaojua njia za bima, wakiomba sahihi yako ili wakufuatilie malipo. Kwa maoni yangu hao ni hatari kuliko kampuni yenyewe. Kampuni inasimamiwa na sheria. Dalali wa wodini hasimamiwi na mtu.

Afisa anapopiga simu

Afisa wa bima wa upande wa pili mara nyingi huwa mpole. Atakupa pole, atauliza hali yako, ataomba umweleze ajali ilivyokuwa. Hakuna ubaya kuzungumza naye, na si lazima kumfanya adui. Lakini ameajiriwa kulinda fedha za kampuni inayomlipa, na kampuni hiyo ilimkatia bima mtu aliyekugonga, siyo wewe. Mweleze ulichokiona kwa macho yako, na usikisie mwendo wa gari wala nani alikosea. Akiuliza unaendeleaje, jibu la adabu tulilofundishwa sote, "Namshukuru Mungu, sijambo," linaweza kuandikwa katika faili kama lilivyo. Mwambie kwamba bado uko chini ya matibabu na daktari hajatoa taarifa ya mwisho.

Kisha itakuja ahadi ya malipo, na huenda ikaja mapema. Mtu aliyelala kitandani wiki tatu, kodi ya duka inamsubiri, akionyeshwa fedha taslimu huziona nyingi. Pamoja na fedha hizo huja karatasi moja ya kutia saini. Karatasi hiyo husema kwamba umepokea malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hutadai tena chochote kutokana na ajali hiyo, kinachojulikana sasa au kitakachojulikana baadaye. Ukitia saini, madai yamefungwa. Ikigundulika mwakani kwamba mfupa uliunga vibaya na unahitaji upasuaji mwingine, gharama ni yako.

Tanzania, Kenya na Uganda, karatasi hiyo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Msikilizaji wetu anayesoma Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili husomewa kwa mdomo, na anayemsomea ni yule yule anayetaka saini. Una haki ya kuichukua, kwenda nayo nyumbani na kutafuta mtu wako akutafsirie. Kama shida ya leo ni deni la hospitali, omba kampuni ilipe deni hilo kwanza kwa maandishi yanayosema wazi kwamba ni malipo ya sehemu. Kampuni inaweza kukataa, lakini kuomba hakukupunguzii haki.

Wakati wa kuzungumza kiasi cha mwisho ni pale daktari anapoandika kwamba matibabu yamefikia mwisho na kueleza ulemavu uliobaki, ikiwa upo, na kwa asilimia ngapi. Hapa Rwanda asilimia hiyo ndiyo msingi wa hesabu, kwa mujibu wa kanuni kuhusu fidia ya majeraha ya mwili yanayosababishwa na vyombo vya moto. Umri na kipato cha majeruhi huingia katika hesabu, na majeruhi anaweza kuidai kampuni ya bima moja kwa moja. Tanzania na Kenya zilirithi sheria ya Kiingereza. Huko anayeshtakiwa ni dereva na mwenye gari, na kampuni ya bima huwajibika kulipa hukumu ikiwa ilipewa taarifa ya kesi kwa wakati. Hakimu hupima majeraha kwa kulinganisha na kesi zilizotangulia. Nchini Kenya, bima ya lazima hailazimiki kumlipa mtu mmoja zaidi ya shilingi milioni 3 za nchi hiyo. Kinachozidi kinadaiwa kwa mwenye gari mwenyewe.

Ili kipato kihesabiwe lazima kithibitishwe, na hapa ndipo wachuuzi hupoteza. Mwenye mshahara huleta hati ya mshahara. Mwenye duka anaweza kuleta patente, risiti za mashine ya EBM, taarifa ya miamala ya MoMo ya miezi kabla ya ajali, na mihuri ya mpakani inayoonyesha alisafiri mara ngapi. Bila hivyo, kampuni itamhesabu kama mtu asiye na kipato kinachojulikana.

Jambo jingine linawahusu wanaopanda malori kwa hisani ya dereva. Sheria za Kenya na Tanzania hazimlazimishi mwenye gari kuwakatia bima abiria wasiobebwa kwa nauli au kwa mkataba wa kazi. Aliyeomba lifti katika kichwa cha lori, lori likapinduka, anaweza kukuta kampuni inakataa kumlipa na sheria inaiunga mkono. Tiketi ya basi, hata iliyokunjika, ina thamani kuliko inavyoonekana. Itunze.

Miaka mitatu haisubiri barua

Tanzania, Kenya na Uganda, kesi ya majeraha yaliyotokana na uzembe barabarani hufunguliwa ndani ya miaka 3. Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi saa hiyo. Faili linaweza kwenda na kurudi: leo inatakiwa ramani ya ajali ya polisi, kesho taarifa ya ukaguzi wa gari, keshokutwa nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki dhidi ya dereva. Mara nyingine kesi hiyo ya trafiki imekufa kwa sababu shahidi mkuu, yaani majeruhi, alirudi Kigali na hakuitwa au hakurudi kutoa ushahidi. Siku moja ya mwaka wa nne barua itafika ikieleza kwa upole kwamba muda umepita. Mazungumzo yakifika mwaka wa pili bila ahadi ya maandishi, ni wakati wa kumwona wakili wa nchi ile, siyo wa hapa.

Kabla ya mahakama kuna milango mingine. Tanzania ina mamlaka ya usimamizi wa bima, TIRA, pamoja na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kenya ina mamlaka yake ya kudhibiti bima. Rwanda, kampuni za bima husimamiwa na Benki Kuu ya Taifa, BNR. Na ikiwa gari lililokugonga hapa Rwanda lilitoroka au halikuwa na bima, mfuko maalumu wa dhamana, SGF, uliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe; nao pia utataka taarifa ya polisi.

Anayefuatilia madai ya Tanzania akiwa Rwanda si lazima asafiri kila mara. Anaweza kumpa mtu anayemwamini hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na notari, ikieleza wazi kwamba mwakilishi anaweza kupeleka na kupokea nyaraka, lakini hawezi kukubali kiasi cha malipo bila idhini ya maandishi. PF3, taarifa za daktari na risiti zipelekwe kwa nakala zilizothibitishwa. Zile halisi zibaki nyumbani, mahali ambapo mtu mwingine katika familia anapajua.