Kihamba cha Binti

Kwa Wachaga, kihamba si shamba tu. Ndipo penye migomba, kahawa, nyumba na makaburi ya wazee, na mwenye kihamba ana mahali katika ukoo wake. Kwa desturi hurithiwa na wana wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Binti hulima, hukata majani ya ng'ombe uwandani na kuyapandisha mlimani kichwani, lakini ardhi si yake: makao yake yatakuwa kwa mumewe. Yatupasa kulijua jambo hili kwanza, ndipo tufahamu kwa nini shule ya sekondari ya wasichana ilikuwa jambo zito.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890, wakaanzisha misioni ya Kibosho mwaka 1893. Shule zikafuata, na wasichana wakaingia pia. Lakini masomo ya juu yalikawia sana kuwafikia. Wazazi wengi waliuliza, "Binti ni wa watu, ya nini kumlipia karo?" Hawakumchukia mtoto. Walihesabu kama desturi ilivyowafundisha kuhesabu.

Mwaka 1957 Masista wa Maryknoll, watawa waliotoka Marekani, walifungua Marian College huko Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Ilikuwa shule ya sekondari ya bweni, na wasichana wakaijia toka mbali. Getrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, ni mmoja wao. Kwa watu wa Kilimanjaro, Morogoro ilikuwa ugenini. Reli yetu ipitayo Kahe ilishuka Tanga, wala haikuunganika na Reli ya Kati hata mwaka 1963. Mzazi aliyekubali binti yake aende huko alikubali kumwachilia kweli kweli.

Kisha ikatoka Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule za misioni zikatwaliwa na serikali. Marian College ikaitwa Kilakala. Jina la kwanza lilimtaja Bikira Maria. La pili lataja mahali tu. Wako waliosikitika, na twawaelewa. Lakini kazi ya kuwafundisha wasichana haikukoma.

Tena mbegu yake ilirudi mlimani. Maria Kamm aliongoza shule ya wasichana ya Weruweru, yenye jina la mto wa Kilimanjaro, tangu mwaka 1970 hata 1992. Huko alisoma Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2007 hata 2012. Naye Mongella aliongoza Mkutano wa Wanawake wa Beijing mwaka 1995, na mwaka 2004 akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika.

Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Lakini sheria hutangulia, desturi hufuata polepole. Na vihamba vimekuwa vidogo kwa kugawanywa kizazi hata kizazi. Elimu haipungui kwa kugawanywa, wala mjane hanyang'anywi na shemeji zake. Kwa hiyo twasema: mzazi aliyemsomesha binti yake amempa kihamba.