Ritifaa Inapompoteza Mgonjwa

Chang'ombe ni mtaa mkongwe wa Temeke, jijini Dar es Salaam. Jina lake huandikwa kwa ritifaa, ile alama ndogo inayotofautisha ng' na ng. Msomaji wa Kiswahili haioni kuwa tatizo. Kompyuta, hata hivyo, yaweza kuidhania kuwa mwisho wa jina, au kuliandika jina lote Changâ€™ombe. Katika kanzidata ya afya, kosa hilo laweza kumpoteza mgonjwa.

Mfano ni mgonjwa wa kifua kikuu mwenye jina la ukoo kama Nyang'oro, anayehama Temeke kwenda Kinondoni katikati ya matibabu ya miezi 6. Mhudumu wa kituo kipya analitafuta jina asilione, kisha anamwandikisha upya. Tangu hapo mtu mmoja amekuwa wawili: wa kwanza anahesabiwa kuwa ameacha dawa, wa pili kuwa ndiyo kwanza anaanza. Daktari anakosa historia, na wilaya inapata takwimu zisizo za kweli.

Chanzo cha kwanza ni usimbaji wa herufi. Ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda, ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe, ni alama mbili tofauti kwa kompyuta. Katika mfumo wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti 3. Programu inayotumia usimbaji wa zamani huzisoma baiti hizo kama herufi 3, na ndipo â€™ inapojitokeza. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba faili, kanzidata na muunganisho baina yao vinatumia usimbaji mmoja. Anayesahihisha majina yaliyokwisha kuharibika hana budi kutunza nakala kwanza, kwani jina lililoharibika likihifadhiwa upya huharibika mara ya pili.

Chanzo cha pili huzaliwa na tiba ya kwanza. Wataalamu hutunga fomula maalumu ya kuondoa ritifaa na kusawazisha herufi kubwa na ndogo kabla ya majina kulinganishwa. Fomula ni sahihi, lakini utafutaji unazorota. Sababu ni kwamba faharasa ya kanzidata ilitengenezwa kwa majina ghafi. Fomula inapoingia kati, kompyuta hulazimika kupitia kumbukumbu zote, moja baada ya nyingine. Faharasa mpya inayotokana na matokeo ya fomula yenyewe hurudisha kasi.

Chanzo cha tatu ni umbali. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano mengi ya kimataifa yalipitia setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na swali moja lilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Mkongo umepunguza muda huo, ila haukuufuta. Programu inayoomba kumbukumbu 1,000 moja moja, kila safari ikichukua sekunde 0.2, itasubiri sekunde 200, yaani zaidi ya dakika 3. Ikiziomba zote kwa pamoja, safari moja yatosha. Kununua intaneti ya bei kubwa zaidi hakuondoi kosa hilo.

Kama ilivyo katika tiba, vipimo hutangulia dawa. Swali lile lile liulizwe kwanza kwenye seva yenyewe. Likijibiwa upesi huko, tatizo li njiani au katika wingi wa safari. Likichelewa, fomula na faharasa zichunguzwe. Jina lisipopatikana kabisa, baiti zake zitazamwe.

MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya nchini, ulianza kwa vitabu vya karatasi katika miaka ya 1990, na sasa takwimu zake hukusanywa katika DHIS2, programu inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kwenye karatasi, karani aliyeijua Chang'ombe alilisoma jina hata likiwa limeandikwa vibaya. Kompyuta haina ujuzi huo mpaka ifundishwe, na mhudumu anayeripoti jina lililoharibika badala ya kufungua jalada jipya ndiye anayeanza kuifundisha.