Majani ya tembo yapate mwenza

Masika yakikatika, mfugaji wa Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, huanza kuhangaikia majani. Ya kando ya barabara yameshakauka, ya bondeni yanagombaniwa, na mzigo anaorudi nao kichwani ni mabua matupu. Ng'ombe anakula anashiba, lakini maziwa yanapungua.

Kinachokosekana ni protini. Majani ya tembo yakiachwa yapite kimo cha mtu hukomaa na kuwa magumu. Protini ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vinavyochachusha chakula tumboni hudhoofika. Tumbo limejaa, mwili una njaa.

Dawa ni kuchanganya nyasi na mimea jamii ya mikunde, kama desmodiamu au fiwi. Mistari ya majani ya tembo huachana mita moja, na desmodiamu hutambaa katikati. Protini yake mara nyingi huzidi asilimia 15, hivyo fungu moja la mchanganyiko lina lishe zaidi kuliko fungu la nyasi peke yake.

Chimbua shina moja la desmodiamu taratibu, utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Kipasue kimoja kwa ukucha. Ndani pakiwa pekundu, bakteria wako kazini, wananasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Mizizi na majani yakioza, nyasi jirani nazo hufaidika.

Huko Mbita, Kenya, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walikwenda mbali zaidi kwa kilimo cha vuta-sukuma. Desmodiamu kati ya mahindi hufukuza nondo wa funza wa mabua na kudhibiti gugu la kiduha. Majani ya tembo pembezoni huwavuta nondo hao. Shamba moja linatoa ugali na malisho.

Uluguru nako ufugaji wa kukata majani si mgeni. Mwaka 1988 mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei walifikishwa Mgeta kupitia mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA. Mbuzi hao hulishwa bandani, na afya yao inategemea kinacholetwa mlangoni.

Kuna faida nyingine: udongo. Mwaka 1955 wananchi wa Matombo, hapohapo Uluguru, waliandamana kupinga matuta ya kuhifadhi udongo waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni. Mistari ya malisho iliyokinga mteremko inashika udongo huohuo, tena inamlipa mkulima kwa maziwa. Udongo usiposhikwa, mto Mzinga huupeleka bwawa la Mindu, ambako Manispaa ya Morogoro inapata maji.

Desmodiamu huanza polepole. Bila palizi miezi ya mwanzo, magugu yataimeza. Majani ya tembo yakatwe yakifika kama mita moja, yasiufunike mmea mwenzake. Mfugaji mwenye robo eka tu aanze na mistari michache mvua za vuli zikianza, na mbegu na ushauri aulizie kwa ofisa ugani wa kata au SUA, jirani yake.