"Sehemu ya mapato itasaidia jamii": sehemu ipi?

Msimu wa mavuno na sherehe ukifika, stetasi zinajaa matangazo: nunua kwetu, sehemu ya mapato itaenda shule, itaenda kwa yatima. Leo tuongelee hilo neno "sehemu", maana linaweza kukukosesha wateja.

Huku kwetu Ndungu na Upareni kote, kuchangia mambo ya jamii sio kitu cha jana. Wazee walikuwa na msaragambo, watu wanatoka na majembe kuchimba mfereji au kufungua barabara. Na makanisani kuna sikukuu ya mavuno. Ibada ikiisha mnada unaanza pale nje: mchele wa bondeni, tangawizi ya kule juu Mamba, ndizi, kuku, mayai. Boga la elfu mbili linafika elfu kumi, halafu aliyelinunua anasema liuzwe tena. Linauzwa tena! Mtu huyo huyo sokoni atabishana na wewe kwa shilingi mia.

Anatoa kwa sababu anaona kila kitu. Boga limeletwa bure, kwa hiyo bei yote ni mchango. Lengo limetajwa, tuseme bati za jengo. Anayepokea pesa anaandika watu wakiwa wamesimama pale, na jumla inasomwa.

Wewe wa mtandaoni mteja haoni hata kimoja. Tena bidhaa yako hukupewa bure. Tuchukue mfano wa mfuko wa mchele kilo 5 unaouza 16,000. Mchele umekugharimu 12,500, kifungashio 500, kuufikisha Same 1,000. Umebaki na 2,000. Ukitangaza "asilimia 20 ya mauzo", unadaiwa 3,200 kwa kila mfuko, yaani unatoa 1,200 mfukoni mwako. Ukisema "asilimia 20 ya faida", ni 400 tu, na mteja alishapiga hesabu ya ile 3,200. Hapo ndipo ugomvi unapoanza na unaitwa tapeli wakati hujala hela ya mtu.

Dawa yake ni kutaja shilingi. "Kila mfuko, 500 inaenda kununua madawati ya shule fulani, mwisho tarehe 30." Basi. Wanatutania Wapare kwamba tutauza ng'ombe tushinde kesi ya kuku, sasa jaribu kumwambia mtu wa hivyo "sehemu" bila namba.

Angalia hata wakubwa. CRDB Bank Marathon tangu ianze 2020 imekuwa ikichangia matibabu ya watoto wenye matatizo ya moyo pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mtu akijisajili kukimbia anajua pesa inaenda kutibu nini, na wapi. Hawasemi "jamii" halafu wakanyamaza.

Kabla hujatangaza, ongea kwanza na unaotaka kuwasaidia. Kama ni shule, nenda kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, wakubali jina litumike na wakupe akaunti ya shule. Usipokee mchango kwenye laini yako ya biashara, utachanganya na hela ya mzigo, na mwisho wa mwezi hata wewe mwenyewe hutajua ipi ni ipi. Mkiwa wauzaji kadhaa, tumieni akaunti ya kikundi kama M-Koba, ambako pesa haitoki mpaka wenzako wathibitishe. Makato ya kutuma na kutoa semeni mapema nani anabeba. Mimi naona abebe muuzaji, ni kidogo na inaondoa maneno.

Kitu kingine, hii ya "nunua tiketi, ushinde simu, hela tunasaidia wagonjwa". Hiyo ni bahati nasibu, inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na inataka kibali. Achana nayo, fanya mnada wa kawaida.

Ukishakabidhi, posti siku hiyo hiyo hata kama ni kidogo: mifuko 60, shilingi 30,000, na picha ya risiti ya shule. Risiti inatosha, sura za watoto usiweke.