Kwa Nini Hataki Kompyuta Ibadilishwe?

Katika nyumba nyingi siku hizi imo kompyuta, hata kama ni ya mitumba. Mama huandikia humo hesabu za duka au za kikundi, watoto hufanyia kazi za shule, na baba huhifadhi barua na picha za familia. Kisha huja siku kijana aliyetoka chuoni anasema, "Mama, hii imepitwa na wakati, tuibadilishe." Yule aliyeizoea anakataa katakata. Wengine humcheka na kumwita mshamba. Ubishi huanza hivyo, na mara nyingine hufika mpaka kwenye fedha za nyumba.

Je, mtu anayeng'ang'ania kompyuta ya zamani ni mkaidi tu? Tukimsikiliza vizuri tutaona kwamba ana sababu, na nyingi ni za busara. Lakini ipo hatari moja ambayo kila mama yampasa aifahamu.

Kinachozeeka ni nini?

Kompyuta ina mambo mawili. Kwanza ni mashine yenyewe unayoishika kwa mkono. Pili ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiamsha mashine na kuzisimamia programu nyingine zote. Waweza kuufananisha na mama wa nyumba: watu hawatambui sana kazi yake, lakini asipokuwapo hakuna kinachokwenda.

Mfumo unaojulikana zaidi kwetu ni Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Umetolewa kwa awamu nyingi: Windows XP mwaka 2001, Windows 7 mwaka 2009, Windows 10 mwaka 2015, na Windows 11 mwaka 2021. Kwa hiyo mashine yaweza kuwa nzima kabisa, huku mfumo uliomo ukiwa umezeeka.

Sababu zao

Mazoea. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Windows 8, ikakiondoa kitufe cha Start ambacho watu walikizoea chini ya kioo tangu mwaka 1995. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 2013 kitufe hicho kikarudishwa. Usiwacheke waliolalamika. Fikiri umerudi safarini ukakuta mtu amehamisha vyombo vyote vya jikoni kwako. Chumvi ipo, lakini unaitafuta huku mboga inaungua.

Kazi. Chukua mfano wa mama mwenye steshenari. Printa yake na programu yake ya hesabu zinaelewana na mfumo wa zamani. Akiweka mpya, huenda printa ikakataa kuchapa, na wateja wako mlangoni. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wapo pia wanaopenda utulivu wa mfumo wa zamani. Mwandishi maarufu wa Marekani, George R. R. Martin, alieleza katika televisheni mwaka 2014 kwamba huandika vitabu vyake kwa programu ya WordStar 4.0, kwenye kompyuta ya DOS, mfumo uliotangulia Windows. Hapendi kompyuta inayomsahihisha maneno bila kuulizwa. Lakini angalia: kompyuta hiyo haikuunganishwa na intaneti. Kwa mambo ya intaneti anayo nyingine.

Fedha. Mifumo mipya hudai mashine yenye nguvu. Windows XP iliweza kwenda kwa kumbukumbu ya megabaiti 64 tu; Windows 11 hudai gigabaiti 4, yaani zaidi ya mara 60, pamoja na kifaa maalumu cha usalama ndani ya mashine. Kompyuta nyingi zilizo nzima hazifikii masharti hayo. Mama anayepanga karo na chakula kwa mfuko huohuo ana haki ya kuuliza kwa nini atupe kitu kinachofanya kazi.

Hatari iliyojificha

Kila mfumo una nyufa ambazo wezi wa mitandaoni huzitafuta. Kampuni nayo hutengeneza viraka vya kuziba nyufa hizo na kuvituma kwa njia ya intaneti. Lakini siku hufika kampuni ikaacha. Windows XP iliachwa tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa watu wa majumbani waliojiandikisha waliahidiwa viraka kwa mwaka mmoja zaidi.

Siku hiyo kompyuta haizimiki. Huwaka kama jana, na hapo ndipo wengi hudanganyika.

Tarehe 12 Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150. Vilifunga mafaili ya watu na kudai fedha ili yafunguliwe. Uingereza, hospitali zililazimika kuahirisha matibabu ya maelfu ya wagonjwa. La kusikitisha ni kwamba kiraka cha ufa ule kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huohuo, lakini wengi hawakukiweka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ufanye nini nyumbani kwako?

Kwanza, nakili picha za familia na hesabu zako mahali pengine pawili, kwa mfano kwenye diski ya nje na kwenye flashi. Fanya hivyo wiki hii, kabla ya ubishi wowote wa kubadilisha.

Pili, gawa kazi. Kompyuta ambayo mfumo wake umeachwa yafaa kuandikia na kutunzia hesabu, mradi isiunganishwe na intaneti. Usiitumie kwa mambo ya benki wala kuandikia neno la siri. Jihadhari pia na flashi za kuazimana, maana nazo hubeba virusi.

Tatu, kabla ya kununua mashine mpya, muulize fundi mwaminifu kama hiyo uliyo nayo inapokea mfumo mwingine. Ipo mifumo ya bure kama Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Waweza kuijaribu kwa flashi kabla ya kuondoa ule wa zamani.

Nne, kataa nakala za wizi zinazouzwa mitaani kwa bei ya chini. Nyingine huja na virusi ndani yake.

Mwisho, kama anayekataa ni mumeo, mama mkwe au wewe mwenyewe, msivutane. Muulize, "Unaogopa kupoteza nini?" Huenda ni picha za marehemu baba yake, au daftari la wadeni la miaka 10. Hayo yakiisha kuhifadhiwa mahali salama, na akipewa wiki chache za kujifunza bila kuchekwa, mara nyingi moyo wake hulegea. Na asipolegea, mwachie mashine yake aandikie, ila waya wa intaneti uchomolewe.