Masafa ya Nairobi na New York

Katika mtaa wa Laini Saba, Nairobi, ambako ndege ndogo za Uwanja wa Wilson huonekana angani tangu asubuhi, na ambako wengi huifuata reli kwa miguu kwenda kazini Industrial Area, masafa hupimwa kwa uchovu wa nyayo na kwa nauli iliyookolewa. Walakini zimo nyumba zenye mtoto Marekani, na wazazi wake wana haki ya kuelezwa barabara yuko mbali kiasi gani.

Toka Nairobi hadi New York ni kama kilomita 11,800. Zamani msafiri aghalabu alibadilisha ndege Ulaya au Ghuba, akalala kitini akiingoja nyingine, hata Marekani ilipokubali, Februari 2017, kwamba usimamizi wa Kenya juu ya usalama wa ndege umetimiza masharti ya kimataifa, ndipo Kenya Airways ikaanza safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018. Kwenda ni takriban saa 15. Kurudi, takriban 14.

Atakayelaza rula juu ya ramani ya ukutani ataipotea njia, kwani dunia ni tufe. Na achukue mpira wa makaratasi wanaouchezea watoto wa mtaani, autie alama mbili, kisha auvute uzi baina yake hadi ukazike: uzi utajipindia wenyewe upande wa kaskazini, na kwa hesabu hiyo nusu ya safari yetu huangukia Morocco, karibu na Marrakech, baada ya jangwa la Sahara na kabla ya Atlantiki.

Ama ile saa moja inayopungua wakati wa kurudi, sababu yake ni upepo, maana huko juu kaskazini hupita mkondo wenye nguvu utokao magharibi kwenda mashariki, ambao humsukuma anayerejea nyumbani na kumkabili anayetoka. Tena Nairobi iko mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hivyo hupata taabu kupaa. Usiku, hewa ikipoa na kuwa nzito, hupaa kwa nafuu zaidi.

Sasa saa zenyewe. Ndege ikipaa saa sita za usiku mwezi wa Julai, ikatua baada ya saa 15, Laini Saba itakuwa saa tisa alasiri ilhali New York ni saa mbili asubuhi ya siku ile ile, kwa kuwa wao wako nyuma yetu kwa saa 7. Lakini Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, tofauti ikawa 8 hadi Machi. Basi mama aliyezoea kumpigia mwanawe simu saa nane mchana, akamkuta ameamka saa moja asubuhi, na angoje hadi saa tisa, asije akamwamsha kijana ambaye bado amelala.